Mkono Uliovaa Saa

Siku Violet alipoiona namba mia mbili na sita, hakuelewa anachokiona.

Ilikuwa asubuhi ya Jumanne, mwezi wa saba, baridi ya Moshi bado imekaa madirishani. Alikuwa kitandani katika chumba chake cha kupanga Shirimatunda, simu mkononi. Programu ya matembezi ilimwonyesha kwamba jana yake Vedastus Lyimo alitembea hatua mia mbili na sita, kutwa nzima. Akasoma tena. Vedastus alikuwa mwongoza wageni wa Mlima Kilimanjaro, na siku za kazi saa yake ilizoea kuhesabu hatua elfu thelathini kabla jua halijazama. Mtu wa namna hiyo hatembei hatua mia mbili na sita, labda awe amefungwa kamba.

Akarudi nyuma kutazama. Kwa wiki tano kabla ya siku hiyo kulikuwa na sifuri tupu. Hilo alikuwa analijua, na alishajipa jibu lake: amevua saa, amenivua na mimi.

Walikutana kliniki, mjini, ambako Violet alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Wagonjwa walimwita daktari wa kutembea. Vedastus alikuja na goti lililovimba, na mkononi saa ya kuhesabu hatua aliyopewa zawadi na mgeni aliyemfikisha kileleni. Violet alimwingiza kwenye kundi la wagonjwa wake ndani ya programu ile, ambako kila mmoja aliziona hatua za mwenzake na kumpongeza kwa kubonyeza alama ya makofi. Goti lilipona kwa miezi miwili. Vedastus akaendelea kuja mwezi wa tatu, wa nne na wa tano, mpaka siku moja Violet akamuuliza anaumwa nini. Akajibu kwamba hajui, ila kila akishuka mlimani miguu inamleta pale.

Walipendana mwaka mzima bila mtu kuwaingilia. Mambo yaliharibika walipotaka kuoana. Baba yake Violet, Mzee Elinipendo Nkya, alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri huko Machame. Mama yake Vedastus, Mama Mektrida, alikuwa mjane wa Marangu na Mkatoliki ambaye hata mvua ya masika haikumkosesha misa. Mzee Nkya alisema binti yake hatabadili kanisa kama mtu anayebadili kitenge. Mama Mektrida naye alisema hakumlea mwanawe kwa rozari ili aje kufungishwa ndoa na mchungaji, tena kwa msichana wa mjini anayeshika miguu ya wanaume na kuita kazi. Maneno hayo yalifika Machame kabla ya jua kuzama, na posa ikafia hapo.

Vedastus alimwomba Violet asubiri kidogo.

"Mpaka lini?" Violet alimuuliza.

"Sijui."

"Basi usinipigie mpaka ujue."

Vedastus alikuwa mtu wa kushika neno aliloambiwa. Hakupiga. Ilipita miezi minne, na kitu pekee kilichobaki kati yao kilikuwa lile kundi la matembezi, ambalo hakuna aliyekuwa na moyo wa kujitoa. Ndiyo maana Violet alijua siku alizopanda mlima na siku alizopumzika, mpaka zile sifuri zilipoanza.

Na sasa mia mbili na sita.

Siku iliyofuata zilikuwa mia mbili na arobaini. Kisha mia tatu na kumi. Violet alianza kuamka na swali hilo na kulala nalo. Alipochungulia vizuri aliona kwamba hatua zile zilikuja kwa mafungu matatu kila siku: saa moja asubuhi, saa nne, na saa kumi na moja jioni. Kati ya mafungu hayo hakukuwa na kitu.  Ule ulikuwa utaratibu wake mwenyewe, aliokuwa akiwapangia wagonjwa wanaojifunza kutembea upya. Tembea kidogo, lala, tembea kidogo.

Vedastus ameanguka mlimani, aliwaza. Amevunjika, na hakuna aliyeniambia.

Pale kliniki alikuwepo mpagazi mmoja, Jovin, akitibiwa bega. Violet akamuuliza kwa sauti aliyoitengeneza ionekane haina haraka. Jovin alisema Vedastus hajaonekana kwenye geti la mlima muda mrefu, na huu ndio msimu wa wageni. Safari zake zote amewaachia wenzake. Anasikia yuko nyumbani kwao, Marangu, lakini sababu haijui.

Violet alishika simu mara nyingi jioni hiyo. Angepiga angesema nini? Yeye ndiye aliyefunga mlango. Lakini siku hatua zilipovuka mia tano alishindwa kujizuia, akabonyeza alama ya makofi. Ilikuwa salamu ndogo, isiyo na neno hata moja, ambayo mtu angeweza kuikana. Kesho yake akabonyeza tena. Ikawa kila jioni, baada ya lile fungu la saa kumi na moja, anatuma makofi yake na kukaa akijiuliza kama mkono ule umeyahisi.

Jioni moja simu yake iliisha chaji, makofi hakuyatuma. Asubuhi akakuta ajabu: jana yake hapakuwa na mafungu matatu, yalikuwa manne. Baada ya matembezi ya jioni, mgonjwa alikuwa ameinuka tena akaongeza hatua mia moja na themanini. Violet alilitazama fungu lile la nne muda mrefu. Vedastus aliyemfahamu hakuwa mtu wa kutembea ili asifiwe.

Hatua zilifika mia tisa. Kisha, Alhamisi, zikawa sifuri. Ijumaa, sifuri.

Jumamosi asubuhi Violet alikuwa Marangu.

Alishuka kwenye pikipiki mbele ya kihamba cha kina Lyimo, shamba lao la ukoo, akiwa hajui atajieleza vipi. Njia ya kuingilia ilipita katikati ya migomba, na chini yake mibuni iliyoanza kuiva. Maji yalisikika kwenye mfereji. Alikuwa ametembea kama hatua ishirini hivi alipomwona mtu akija upande wake taratibu, akiegemea fimbo. Alikuwa mwanamke mzee aliyejifunga kitenge, na kwenye kifundo cha mkono wake, juu ya ngozi iliyokunjamana, kulikuwa na saa nyeusi ya Vedastus.

Violet alisimama. Mambo yote ya majuma yale yalijipanga kichwani mwake mara moja, akapata faraja na aibu kwa pamoja.

"Shikamoo mama."

Mama Mektrida aliitikia marahaba bila kutabasamu. Alikuwa amemtambua. Akamuuliza ametumwa na nani.

"Sijatumwa, mama. Nimekuja kwa ajili ya hatua."

"Hatua gani?"

Violet angeweza kudanganya, lakini hakuwa na uongo uliokuwa tayari. Alimwambia kwamba saa ile inahesabu hatua za anayeivaa, na kwamba hesabu hiyo inaonekana kwenye simu yake, huko Moshi. Alimwambia alidhani ni Vedastus aliyeumia, na kwamba kwa siku mbili hesabu ilikuwa imekatika, akaogopa.

Mama Mektrida aliigusa saa mkononi. Kisha, kwa sauti ya mtu anayejaribu kuficha kwamba anataka sana kujua, akasema umeme ulikatika siku mbili na saa ilikuwa imekufa. Halafu akasema, "Hebu nionyeshe hiyo hesabu."

Walikaa kibarazani, kwenye benchi. Alisimulia kwa maneno machache jinsi alivyoteleza kando ya mfereji akikata majani ya ng'ombe, akavunjika nyonga, akawekewa chuma hospitali. Vedastus aliacha mlima akarudi nyumbani, na saa akaivua akaiweka. Saa alimvalisha siku ya kwanza ya kusimama, maana alijua kila akitoka kwenda shambani mama yake angemdanganya kwamba ametembea.

Violet alifungua simu. Hatua za kila siku zilisimama kama vijiti vya kijani, vifupi kwa virefu. Mama Mektrida akaisogeza simu karibu na macho, na kidole chake kikaanza kupita juu ya vijiti vile kimoja kimoja. Alivitambua. Hiki kirefu ni siku padre alipomletea komunyo, naye akamsindikiza padre mpaka njiani. Hiki kifupi, mvua ilinyesha tangu asubuhi. Hiki, alilia siku nzima kwa sababu ilikuwa kumbukumbu ya kifo cha mume wake na alishindwa kufika kaburini, pale pale nyuma ya nyumba. Na hiki kinachofuata alifika.

"Kumbe ulikuwa unayaona yote haya," alisema.

"Niliona vijiti tu, mama. Sikujua ndani yake kuna nini."

Mama Mektrida aliiweka simu kwenye benchi. Kisha akauinua mkono wenye saa. Alisema kuna jambo moja limekuwa likimshangaza. Kila jioni akimaliza kutembea, saa hutetemeka mara mbili mkononi. Vedastus alimwambia inampongeza. Akawa anaingojea. Siku moja haikutetemeka, akadhani hajatembea vya kutosha, akainuka tena mpaka kwenye mfereji na kurudi, na bado ikakaa kimya. Usiku ule hakula vizuri.

Violet aliichukua simu. Alibonyeza alama ya makofi. Simu ya Vedastus, ambayo saa ile iliunganishwa nayo, ilikuwa dirishani ikichaji, hatua mbili tu kutoka kwenye benchi. Baada ya muda mfupi saa ikatetemeka kwenye mkono wa mzee, mara mbili.

Mama Mektrida aliitazama saa, akamtazama Violet, akaitazama saa tena.

"Ulijua ni mimi?"

"Hapana, mama."

"Na ungejua, ungebonyeza?"

Violet alifikiri. Alikumbuka maneno yaliyofika Machame, na jinsi baba yake alivyokaa siku tatu bila kuzungumza.

"Siku ya kwanza, sijui," alisema. "Siku ya pili ningebonyeza."

Yule mama aligeuza uso kuelekea kwenye migomba. Alipojaribu kuinuka alishika fimbo kwa mkono wa upande ulioumia, na Violet, kabla hajajikumbusha kwamba yuko mahali asipotakiwa, alishamshika kiwiko. Akamwambia fimbo ikae mkono wa pili, upande wa mguu mzima, iende mbele pamoja na mguu mbovu. Mama Mektrida alisema huo ni upuuzi, mguu mbovu ndio unaohitaji fimbo. Lakini alijaribu. Akaenda mpaka kwenye mgomba wa kwanza, akageuka, akarudi. Alikuwa hachechemei kama mwanzo. Akaenda tena, safari hii kwa kujifurahisha.

Hivyo ndivyo Vedastus alivyowakuta. Alitokea nyuma ya nyumba na mzigo wa majani kichwani, akasimama ghafla alipomwona Violet, kisha akauteremsha polepole kana kwamba umejaa mayai. Alikuwa amekonda. Macho yake yalikuwa yale yale, na Violet alichukia jinsi moyo wake ulivyoyapokea bila kumuuliza.

Walisogea kando, kwenye kibanda cha ng'ombe. Violet alitaka kuzungumza kwa utulivu na akashindwa.

"Mama anavunjika nyonga, wewe unamjua mtu ambaye kazi yake ni hiyo, na huniambii."

"Ulisema nisipige mpaka niwe na jibu. Sikuwa na jibu."

"Na makofi? Uliona jina langu kila jioni."

"Niliona."

"Ukaniacha nikidhani ni wewe."

Vedastus alichuma jani moja kutoka kwenye mzigo, akalikunjakunja. Alisema jina lile lilikuwa barua pekee aliyokuwa akipata. Alisema mama yake alikuwa ameshakata tamaa ya kutembea, na mitetemo ile ndiyo iliyokuwa ikimwinua. "Niliogopa nikikwambia ni yeye, utaacha."

Hilo lilimuumiza Violet kuliko ile miezi minne. Aliuliza, kwa sauti ya chini, kama kweli mwaka mzima wa kukaa naye haukumfundisha yeye ni mtu wa aina gani.  Macho ya Vedastus yalijaa maji, naye hakuyafuta.

"Usimgombeze yeye," sauti ilitoka nyuma yao. Mama Mektrida alikuwa amewafuata, fimbo mkono wa kulia, saa mkono wa kushoto. "Yeye alikuwa anakujua. Mimi ndiye nilikuwa sikujui, naye alikuwa anajua hivyo."

Kisha akasema chakula kiko jikoni, na mgeni haondoki Marangu bila kunywa mtori wa ndizi.

Violet alirudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata tena. Alikuja kama daktari, na alikazana kubaki daktari. Vedastus aliwaandalia benchi na maji na kukaa mbali, na wakati mwingine Violet alipoinua macho alimkuta akimtazama kwa yale macho ya mtu anayepanda mlima usiku na kuona taa ya kambi. Hawakuzungumza mambo yao. Mama Mektrida alijifunza kupanda ngazi, kukwepa mizizi, kushuka mteremko. Alijifunza pia kusoma vijiti mwenyewe, na aliwaonyesha majirani baada ya misa kama mtu anayeonyesha picha za wajukuu.

Jumamosi ya sita, wakiwa wanapumzika, aliuliza swali bila kumtazama Violet.

"Kwa baba yako, kutoka barabarani mpaka mlangoni, ni hatua ngapi?"

Violet alishtuka. Akafunga macho akaipita njia ile kichwani: kichochoro, daraja la mfereji, kile kilima cha mwisho.

"Zinaweza kufika elfu moja na mia mbili, mama. Na ni kupanda. Lakini gari linafika mpaka mlangoni."

"Sikuuliza habari za gari," Mama Mektrida alisema.

Walikwenda mwanzoni mwa mwezi wa kumi. Vedastus aliazima gari la rafiki yake, na walipofika pale barabarani Machame mama yake akamwambia asimamishe. Alikuwa amevaa kitenge kipya na kilemba, na kifurushi kidogo cha kitambaa kwapani. Violet alitembea upande wake wa mguu mbovu, Vedastus nyuma.  Darajani alipumzika. Chini ya kilima alipumzika tena, muda mrefu zaidi, jasho likimtoka kwenye kilemba, na Vedastus akaanza kusema turudi, akanyamazishwa kwa kidole.

Mzee Elinipendo Nkya alikuwa kibarazani akichambua maharage kwenye ungo. Aliona kwanza binti yake. Kisha akamwona mwanamke mzee akipanda kilima chake kwa fimbo, hatua moja baada ya nyingine, na nyuma yake kijana aliyemkataa. Akaweka ungo chini. Alisimama, akavua kofia, na akabaki hivyo mpaka Mama Mektrida alipofika mbele yake akihema.

"Mama Vedastus," alisema Mzee Nkya, "ungetuma mtu, ningekuja mimi."

"Ningemtuma nani? Uliyemfukuza?"

Akafungua kifurushi. Ndani kulikuwa na jani la isale, limefungwa fundo.  Kila Mchagga anajua kwamba mtu akikuletea isale anaomba msamaha, na isale haikataliwi. Ilikuwa hivyo mlimani pale kabla padre hajafika, na kabla mchungaji hajafika.

"Nilimsema binti yako vibaya, nikiwa simjui," Mama Mektrida alisema. "Sasa namjua. Nimekosa."

Mzee Nkya alilipokea jani kwa mikono miwili.  Alisema hata yeye alisema yake, kuhusu kijana, na kuhusu mama wa kijana, na kwamba kwa muda mrefu hajalala vizuri. Kisha, kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa na hakuweza kuacha jambo hewani, akaongeza kwamba habari ya kanisa bado ipo.

"Ipo," Mama Mektrida alikubali. "Nayo ndiyo iliyonileta. Lakini sitaizungumza nikiwa nimesimama."

Violet aligeuka haraka akatafute kiti. Pale kibarazani vilikuwepo vigoda tu, vya chini, ambavyo mtu mwenye chuma cha nyonga hapaswi kuvikalia. Kilikuwepo pia kiti kimoja kirefu, chenye mikono, ambacho ndani ya nyumba ile hakuna aliyewahi kukikalia isipokuwa baba yake. Alisita.

Mzee Nkya aliona. Akakibeba kiti kile mwenyewe, akakiweka kwenye kivuli, akakipangusa kwa kofia yake. Mama Mektrida alikaa taratibu, kama alivyofundishwa, mguu mbovu mbele. Ndipo yule mzee akavuta kigoda na kukaa karibu naye, chini yake, jani la isale bado mkononi, akamuuliza kama atakunywa chai kwanza.

Violet alibaki mlangoni. Vedastus alikuja akasimama naye, bega lake likagusa la Violet, na wazee wakawatazama wote wawili, na hakuna aliyewaambia waachane.